Kobla ya Matofaa, Chakula cha Wasio na Tanuru

Wiki moja kabla ya sikukuu ya Noeli jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, alipiga hodi nyumbani kwetu saa ya jioni. Mikononi alikuwa na sufuria aliyoifunika kwa kitambaa. Alipoifunua, tuliona chini matofaa yaliyoungua hata kuwa meusi, na juu yake donge la unga jeupe, bichi, linalonata vidoleni kama gundi. Akasema, "Mwalimu, wewe wasoma vitabu. Niambie, nimekosea wapi?"

Habari yenyewe ilikuwa hii. Binti yake mkubwa, asomaye katika shule ya bweni, alikuwa amesoma habari za chakula kitamu cha Wamarekani kiitwacho kobla, akamwandikia mama yake kwamba akirudi likizoni angependa waile pamoja siku ya sikukuu. Ndugu wa yule mama, dereva wa lori, akamletea matofaa kumi na manne kutoka Kasumbalesa, mpakani, ambako hupita matunda ya Afrika ya Kusini. (Matofaa ninayosema ni yale ambayo mijini kwetu watu huyaita pome, si yale matofaa laini ya pwani.) Saba yalikuwa yameteketea katika sufuria ile, pamoja na siagi na sukari. Saba yalibaki. Siagi ilibaki ya mara moja tu, na fedha ya kununua nyingine haikuwapo. Tena mama alikuwa amekwisha kujijibu: "Naona chakula hiki ni cha watu wenye tanuru la umeme. Afadhali nimpikie binti yangu wali."

Wali ni chakula chema, sina neno juu yake. Lakini jibu lile halikuwa kweli, na ndiyo sababu naandika habari hizi. Kobla haikuzaliwa katika nyumba zenye tanuru. Ilizaliwa kwa watu waliokosa tanuru.

Waingereza waliohamia Amerika walikuwa wamezoea kwao kupika matunda ndani ya ganda la unga, lililosukumwa likawa jembamba, likafunika matunda chini na juu. Kazi hiyo yataka meza safi, mti wa kusukumia, na tanuru la matofali lililopashwa moto vizuri. Walipofika katika nchi mpya, na hasa watoto na wajukuu wao walipozidi kwenda upande wa magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, vitu hivyo havikuwapo. Mama alikuwa na chungu kimoja, moto wa kuni, unga, mafuta kidogo, na matunda mabichi au makavu. Basi akayapika matunda kwa sukari, akatupa juu yake madonge ya unga bila kuyasawazisha, akafunika. Watu wengi husema kwamba jina la kobla lilitokana na sura yake, kwani madonge yale yakiisha kuumuka na kubanana hufanana na njia iliyotandikwa mawe ya mviringo. Katika Kiingereza neno hilo hilo ni jina la fundi wa viatu. Mwaka 1859 lilikuwa limekwisha kuchapishwa Marekani kuwa jina la chakula.

Chungu chao ndicho kilichokuwa siri ya kazi. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa na serikali hati ya kulinda uvumbuzi wake, yaani namna ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga. Ndipo vyungu vizuri vya chuma vilipoanza kupatikana kwa bei nafuu. Huko Amerika chungu cha namna hiyo kikapata miguu mitatu, ili makaa yaweze kukaa chini yake, na kifuniko bapa chenye ukingo, ili makaa mengine yakae juu bila kuanguka. Kwa Kiingereza hukiita tanuru la Kiholanzi. Mpaka leo kinapendwa sana; jimbo la Utah lilikitangaza mwaka 1997 kuwa chombo rasmi cha kupikia cha jimbo.

Makaa chini na makaa juu! Je, jambo hili ni geni kwetu? Mama wa pwani ya Tanzania au Kenya apikaye mkate wa kumimina hupalia makaa ya moto juu ya kifuniko, na lugha yetu ina neno zima kwa kazi hiyo: kupalia. Jirani yetu alilijua neno hilo, alilisikia kwa bibi yake. Hakufikiri kwamba laweza kumfaa Mmarekani.

Sasa tutazame kosa la kwanza. Mama aliweka sufuria juu ya mbabula yenye moto mkali, akafunika, akangoja. Moto wote ulitoka chini. Maji ya matunda yakichemka hayawezi kupita kiasi chake cha joto. Kwa kawaida ni digrii 100, na huku kwetu katika miinuko ya Katanga, penye mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, hata 100 hayafiki. Kwa hiyo unga uliokaa juu ya matunda ulipata mvuke tu. Unga uliopikwa kwa mvuke hubaki mweupe na kunata. Ganda la rangi ya dhahabu lataka joto kavu, digrii 170 au 190, nalo lazima lishuke kutoka juu. Wakati huo huo, chini ya sufuria, maji yalipokwisha kukauka, sukari ikabaki peke yake na chuma cha moto, ikaungua. Ndiyo maana sufuria moja iliweza kuwa mbichi na kuungua saa ile ile, jambo ambalo mama aliliona kama uchawi.

Wapishi wa Kimarekani wanayo kanuni nyepesi kwa makaa yao ya kiwandani, ambayo yote ni ya ukubwa mmoja. Hupima upana wa chungu kwa inchi. Huongeza tatu, wakapata hesabu ya makaa ya juu. Hupunguza tatu, wakapata ya chini. Chungu cha inchi 12, yaani sentimita 30, hupata vipande 15 juu na 9 chini. Makaa yetu ya msituni hayalingani, moja ni kama ngumi, jingine kama yai. Lakini fungu lake lajulikana: karibu theluthi mbili juu, theluthi moja chini.

Kosa la pili lilikuwa la dukani, wala mama hana lawama. Aliomba levire. Muuzaji akampa hamira, ile ya mikate. Katika Kifaransa neno hilo moja hutumika kwa vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Hamira ni kitu chenye uhai, hula sukari polepole, nayo yataka joto la kiasi na subira ya saa nzima au zaidi kabla ya kuoka. Kobla hutumia poda ya kuumulia, ambayo ni magadi meupe yaliyosafishwa, yamechanganywa na asidi kavu. Poda ikipata maji, magadi na asidi hugombana, hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo huinua unga mara moja.

Hapa wanafunzi wataniwia radhi nikisimulia kidogo, kwa kuwa historia ya poda hii yapendeza. Zamani wapishi wa Marekani walitumia majivu ya kuni yaliyochujwa na kusafishwa. Kitabu cha upishi cha Amelia Simmons, kilichotokea Hartford mwaka 1796, chayataja. Mababu zetu nao walijua nguvu ya maji ya majivu, waliyatumia katika mboga. Halafu mwaka 1843 Alfred Bird, muuza dawa wa mji wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza poda yake kwa sababu mke wake hakuweza kula kitu chenye hamira bila kuugua. Mwaka 1856 Eben Horsford, profesa wa kemia katika chuo kikuu cha Harvard, akapewa hati ya kulinda poda aliyoitengeneza kwa asidi ya fosfeti. Tangu hapo mpishi hakuhitaji tena kuamka usiku kutazama hamira yake. Mimi namheshimu profesa, lakini nampenda zaidi yule wa Birmingham.

Kosa la tatu nitalitaja upesi. Mama aliukanda unga vizuri mno, kama wa chapati, akausukuma ukawa blanketi moja nene, akafunika nalo matunda yote. Unga wa ngano ukikandwa sana huvutana kama mpira, na ganda lisilo na nafasi huzuia mvuke kutoka. Katika kobla anayefanya kazi kwa unadhifu mwingi hujidhuru. Yafaa madonge yawe ya ovyo ovyo, yaachiane nafasi ya vidole viwili.

Na matunda je? Kwa bahati njema, yale saba yaliyobaki yalikuwa ya kijani, ya aina iitwayo Granny Smith. Tofaa hilo lilipatikana Australia, karibu na Sydney, katika shamba la bibi mmoja aliyeitwa Maria Ann Smith, mwaka 1868. Mche uliota wenyewe. Ni chachu, ni gumu, nalo likipikwa halipotezi umbo lake. Matofaa mekundu sana yanayong'aa, yaitwayo Red Delicious, ni mazuri machoni tu. Yakipata moto hupoteza ladha. Na yale ya McIntosh huwa uji. Mwenye kununua kwa ajili ya kobla na achague la kijani, hata kama muuzaji amsifia jekundu.

Yatupasa kukumbuka kwamba mti wa matofaa si wa Amerika kwa asili. Mama wa matofaa yote makubwa ni mti wa mwituni wa milima ya Tian Shan, huko Kazakhstan. Wazungu waliyaleta Amerika katika karne ya 17. Tena mbegu ya tofaa haimzai mama yake: ukipanda mbegu kumi za tofaa tamu, waweza kupata miti kumi ya namna kumi, mingi yake ikiwa na matunda machungu. Atakaye tunda lile lile hana budi kukata kijiti na kukipandikiza juu ya shina jingine. Mwaka 1847 mtu mmoja jina lake Henderson Luelling alitoka Iowa kwenda Oregon, safari ya miezi mingi, pamoja na mke wake Elizabeth na watoto wao wanane. Alijaza udongo katika masanduku ndani ya magari ya ng'ombe, akapanda humo miche kama 700 iliyopandikizwa. Wenzake walimwambia aitupe, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wakichoka. Yeye akaendelea kuinywesha maji jangwani. Karibu nusu yake ilifika hai. Mtoto wa tisa akazaliwa, wakamwita Oregon Columbia. Miaka michache baadaye, wachimbaji wa dhahabu wa California walikuwa wakinunua tofaa moja la Oregon kwa dola nzima. Nilipomsimulia jirani yetu habari hiyo, alitazama matofaa yake saba, akasema, "Basi ya kwangu si ghali peke yangu."

Tulipatana tujaribu tena usiku wa kuamkia sikukuu, binti akiwa amekwisha kufika. Mke wangu alileta paketi ya poda, mimi nikaleta kipande cha bati bapa. Vipimo vyetu vilikuwa hivi, navyo vyatosha watu sita au wanane. Kwa matunda: matofaa saba, yaani kilo moja na kidogo, sukari gramu 100, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano ili kufanya mchuzi mzito, maji ya nusu limau, kijiko cha chai cha mdalasini, chumvi ya kunyunyiza. Kwa madonge: unga gramu 200, sukari gramu 50, vijiko viwili vya chai vya poda, visizidi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, siagi gramu 85, maziwa baridi kama robo ya chupa ya nusu lita.

Binti alimenya matofaa, akatoa vitovu vyenye mbegu, akayakata vipande vyembamba kama kidole cha mtoto, akavinyunyizia limau upesi. Tofaa lililokatwa likikaa hewani hugeuka rangi kama kutu. Asidi ya limau huzuia hayo. Akavichanganya na sukari, unga, mdalasini na chumvi, akavitia katika sufuria nzito iliyopakwa siagi kidogo, akaiweka juu ya mbabula yenye moto wa kawaida. Hapo ndipo penye jambo ambalo sitachoka kulirudia: matunda yachemke kwanza, kabla ya unga kuingia. Kwa dakika kumi alikoroga polepole mpaka maji yake yakatoka na kutoa mapovu. Unga ukiwekwa juu ya matunda baridi, upande wake wa chini hulowa kabla moto haujaufikia. Ukianguka juu ya matunda yachemkayo, huanza kuiva pande zote.

Wakati huo mama aliifikicha siagi pamoja na unga kwa ncha za vidole, mpaka ikawa kama chenga za mchele. Siagi iwe baridi. Tuliiweka ndani ya bakuli la maji ya kisima mchana kutwa. Vipande vidogo vya siagi baridi huyeyuka motoni na kuacha matundu katika unga, nao unga huwa mwepesi. Mwishoni akamimina maziwa, akakoroga kwa uma mara kumi au kumi na mbili tu. Alitaka kuendelea, mkono wake umezoea chapati. Mke wangu akamshika mkono. "Liache hivyo hivyo, dada, na uvimbe wake." Kisha wakateka madonge kwa kijiko kikubwa, wakayaweka juu ya matunda yaliyochemka, wakanyunyiza sukari kidogo.

Tulitoa makaa mengi katika mbabula kwa koleo, tukabakiza machache yaliyotawanyika ukingoni, wala hapakuwa na hata moja katikati. Sufuria tukaifunika kwa bati, na juu ya bati tukapalia makaa yaliyobaki, hasa pembezoni. Mwenye sufuria nyembamba na afanye zaidi: atie mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake mawe matatu madogo, na sufuria ndogo ikae juu ya mawe. Huchukua muda mrefu, lakini hakuna kuungua.

Mvua ikaanza kunyesha. Watoto wakapiga kelele kwamba mbabula iingizwe chumbani. Nilikataa kwa ukali, nami nasema vivyo hivyo kwa kila msomaji. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika nyumba iliyofungwa huwaua watu wakiwa wamelala, wala hawasikii kitu. Tuliihamishia chini ya ukingo wa paa, barazani, penye upepo, tukaikinga kwa bati la pili. Ikichelewa, ichelewe.

Ikachelewa kweli. Kwa tanuru la digrii 190 dakika 40 au 45 zatosha. Sisi tulikaa saa nzima. Kila mtoto alitaka kufunua na kutazama, na kila mara kifuniko kikiinuliwa joto la juu hukimbia. Mama akakaa mbele ya sufuria kama askari. Baada ya dakika 40 tuliona madonge yameumuka lakini bado meupe, tukaongeza makaa mapya juu tu. Katika dakika ya 60 yalikuwa ya rangi ya dhahabu, na maji ya matunda yakipenya kati yake yakiwa mazito. Binti alichoma kijiti katikati ya donge la kati, kikatoka kikavu.

Hatukula papo hapo. Mchuzi wa matofaa uliotoka motoni huunguza ulimi vibaya, tena ukipoa robo saa au nusu saa huzidi kuwa mzito. Upande mmoja wa chini uliungua kidogo kwa sababu ya upepo, na watoto wawili waliugombania upande huo huo. Mama alitoa bakuli la kwanza kwa dereva wa lori, ambaye alionja, akatikisa kichwa, akauliza kama hiyo ndiyo pome aliyoibeba yeye.

Usiku ule ule alimwaga maji ya moto ndani ya sufuria akaisugua, kwa kuwa uchachu wa matunda ukilala ndani ya chuma au alumini huila na kuitia weusi. Binti akaandika vipimo katika daftari lake. Sasa mama huyo aniuliza juu ya maembe yaliyojaa mtini kwake, kama yafaa. Wamarekani wenyewe hutumia pichi na matunda mengine mengi, kwa hiyo yafaa, mradi yawe magumu bado. Kwa embe lililoiva nusu sukari ipunguzwe kidogo na limau lizidishwe. Poda na makaa ni yale yale.